Kiatu cha Kushoto

Kambini, tarehe 4 Machi

Dada yangu fundi,

Shikamoo. Mfikishie na mama ya kwake, kwa sauti ya juu, maana najua sikio lake la kulia siku hizi linachagua maneno ya kusikia. Mimi mzima. Mguu wangu mbovu ndio unaonisalimu asubuhi kabla ya mtu yeyote, lakini nimeuzoea kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Chumba wamenipaka rangi mpya, ya kijani, sasa nalala kama niko ndani ya chupa.

Sasa habari za binti yako. Tangu umlete hapa nimfundishe ni mwezi wa saba huu, na Chiriku bado ni Chiriku. Jikoni walimwomba ahamie meza nyingine ili wenzake wapate kumaliza kula. Alhamisi iliyopita ameruka miruko mitatu, ile ya kuunganisha kwa mkimbio mmoja, jumla mita kumi na tatu na sentimita ishirini. Nilipima mwenyewe, nikapima tena, nikamwita na mfagiaji wa uwanja aje ashuhudie. Kwa msichana wa miaka kumi na tisa si mchezo.

Mashindano ya mchujo ni tarehe 12 Julai. Atakayeshika nafasi ya kwanza anaingia timu ya taifa, moja kwa moja, hakuna kubembelezana. Mwenyekiti wa klabu, ambaye zamani alikuwa anakuja uwanjani kuangalia nyasi tu, siku hizi anakuja na kiti chake mwenyewe. Ameniambia kwa ule upole wake unaotisha kwamba mkataba wangu unaisha mwezi huohuo, na klabu itataka kuona matunda kwanza. Nikamjibu kwamba tunda halivutwi kwa kamba. Hakucheka.

Nakuombea heri na sindano zako.

Mdogo wako,
Panzi

*

Nyumbani, tarehe 19 Machi

Panzi,

Marahaba. Mama yupo, anakula, anagomba, kwa hiyo ni mzima. Medali yako bado iko kwenye kopo la biskuti, na kila mgeni lazima aioneshwe kabla ya kupewa maji ya kunywa. Juzi amemwonesha mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Masikini ya Mungu alisimama na daftari lake mkononi akisikiliza habari za mwanaume aliyeruka akatua kwenye mashindano ya dunia, wakati nyumba saba zinamsubiri.

Kibanda changu kipo. Shule zimefunguliwa, jana nimeshona viatu vya shule jozi kumi na moja, na vyote vimechanika mahali pamoja kama vimepeana taarifa. Kidole gumba changu kina shimo la sindano.

Nimefurahi kwa hiyo kumi na tatu na ishirini, usidhani sijafurahi. Nilifunga kibanda mchana kweupe nikaenda kumwambia mama. Lakini nina swali. Kwa nini mtoto haandiki? Alikuwa ananiletea kurasa nne kila wiki mbili, nusu yake umbea. Sasa ni wiki ya tano sina hata mstari. Na hiyo habari yako ya meza ya jikoni ni ya Januari, mwenyewe alishaniandikia. Unanipa chai ya jana umeipasha moto.

Na usinijibu kwa simu. Kila nikikuuliza jambo la maana kwenye simu, mtandao wako unakatika. Karatasi haikatiki.

Dada yako

*

Kambini, tarehe 8 Mei

Dada,

Shikamoo. Usininunie kwa kuchelewa, mvua imekuwa nyingi na posta yetu ikiona wingu inafunga mlango. Mama anaendeleaje na magoti? Nimeota yuko uwanjani anamfokea mwamuzi.

Uliniuliza habari za Chiriku kutoandika. Vijana wanachoka, dada. Mazoezi ni asubuhi na jioni. Ni mzima.

Shida yangu kubwa sasa ni mchanga. Mvua imeushindilia ule mchanga wa shimo la kutulia hadi umekuwa kama sakafu. Nimeufukua siku nne kwa koleo, nikaukausha juu ya maturubai, nikauchekecha, maana ndani yake nimekuta vifuniko vya chupa, kitana, na jino la mtu. Sijui la nani. Mchanga mzuri unatakiwa upokee mguu bila kuuliza maswali. Wewe unakumbuka, wewe ndiye uliyekuwa unanisawazishia ule wa shuleni kwa ubao, nikishatua unanipigia kelele niwahi kutoka ufute alama.

Kiti cha mwenyekiti sasa kina mwavuli.

Panzi

*

Nyumbani, tarehe 20 Mei

Panzi,

Umeniandikia mistari kumi na miwili ya mchanga na maneno mawili ya mwanangu. Nimehesabu. Hayo mawili ni haya: ni mzima.

Mama mzima. Mimi mzima. Umeona raha ya jibu kama hilo?

Dada yako

*

Kambini, tarehe 15 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nimestahili. Nimekaa na barua yako siku kumi nikitafuta namna ya kujibu, nikaona bora nikutumie kazi kuliko maneno.

Kwenye kifurushi hiki, ambacho nimemkabidhi karani wa mabasi mkononi, kuna viatu vya Chiriku vya kurukia, vile vya misumari. Soli imeachia pembeni. Mwenyekiti alisema angeagiza vipya, lakini mtoto anavipenda hivi, anasema mguu umeshavijua. Naomba uvishone kama ulivyokuwa unanishonea vyangu. Uvirudishe mapema, zimebaki wiki nne tu.

Anafanya mazoezi vizuri. Siku hizi ametulia, anasikiliza. Nikimwambia rudia, anarudia bila kubisha.

Wape salamu wote wanaonijua, hata wale wa medali.

Panzi

*

Nyumbani, tarehe 22 Juni

Panzi,

Salamu leo ni fupi. Mama mzima, mimi mzima. Sasa kaa chini.

Viatu vimefika jana asubuhi. Nimevitoa kwenye gazeti nikavilaza mezani soli juu, kama ninavyofanya kwa kila kiatu kabla sijagusa sindano. Unajua naangalia nini, maana nilikufundisha mwenyewe ulipokuwa na miaka kumi na minne. Mrukaji wa mguu wa kushoto anautumia mara mbili: anaruka nao, anatua nao, anaruka nao tena, ndipo wa kulia upate zamu yake. Kwa hiyo soli ya kushoto inaisha kisiginoni, upande wa nje. Vyako vilikuwa hivyo miaka yote.

Cha huyu mtoto kisigino ni kizima. Kizima kabisa, hadi namba ya saizi inasomeka. Kilichoisha ni pembe ya mbele, chini ya kidole kidogo, mpaka nyuzi zinaonekana. Hakanyagi kisigino, Panzi. Anakiogopa. Nikatoa na kile kitambaa cha ndani, na chini yake nimekuta sponji ya kuoshea vyombo, imekatwa kwa mkasi kufuata umbo la kisigino, tabaka mbili. Imekatwa vizuri sana. Mtoto wa fundi.

Nilikaa nayo mkononi mpaka mteja akaniuliza kama naumwa. Unaniandikia kwamba ametulia, anasikiliza, habishi. Chiriku? Mtoto aliyebishana na daktari siku ya chanjo? Huyo hajatulia, huyo anauma meno.

Sasa nitasema jambo nililolimeza miaka ishirini na miwili. Wiki tatu kabla ya medali yako uliniletea viatu kwa basi hivihivi. Uliandika: dada, niwekee kitu laini kisiginoni. Nikavilaza mezani. Soli yako ilikuwa kama hii, kisigino kizima, pembe imekufa. Niliona. Nilijua kwamba unaumia na nilijua si kidogo. Lakini mama alikuwa ameshautangazia mtaa mzima, na mimi nilikuwa nataka kuwa dada wa bingwa, nisikufiche. Nikakata ngozi laini, nikaitia ndani, nikashona, nikakuandikia kila la heri. Ukaruka mara tatu ukapata shaba. Ukaruka ya nne mguu ukavunjika, na hukuruka tena maishani.

Miaka yote hii tunamlaumu kocha wako wa zamani, yule Mzee Filimbi, na mimi ndiye ninayemlaumu kwa sauti kubwa kuliko wote. Mzee Filimbi hakuwahi kulaza kiatu chako mezani. Mimi nilikilaza.

Sirudii tena. Kiatu cha kulia nimekishona, nimekipiga nta, nakurudishia. Cha kushoto kinabaki kwangu. Mkalishe mtoto umuulize anaumwa wapi, na ungoje jibu.

Dada yako

*

Kambini, tarehe 29 Juni

Dada,

Nilifungua kifurushi kabla ya barua. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Nilipoona kiatu kimoja nilijua nimeibiwa. Nikaenda ofisi ya mabasi nikimkokota huyu mguu wangu, nikamfokea karani saa nzima. Nilimwita mwizi, tena mwizi mpumbavu, kwa sababu mwizi mwenye akili timamu anaiba jozi. Wamepekua buti za mabasi mawili. Dereva mmoja alitolewa kwenye chakula chake aje kuapa. Mwishowe karani, kijana mstaarabu sana, akaniuliza: mzee, na hiyo bahasha iliyobandikwa hapo ni ya nini? Nimeisoma nimesimama pale kaunta, watu wanasubiri tiketi nyuma yangu. Nimewaomba radhi wote, mmoja mmoja.

Ningependa kukwambia kwamba nilikuelewa papo hapo. Hapana. Nilikasirika. Nilisema moyoni, huyu nani wa kunifundishia kazi yangu kutoka kwenye kibanda? Nikatembea kurudi, na kadiri nilivyotembea ndivyo hasira zilivyoniishia njiani, kwa sababu kila hatua ilikuwa inaniuma palepale ulipopaandika.

Basi na wewe sikia langu. Fundi viatu yupo hapa langoni mwa uwanja. Hatua arobaini kutoka mlango wangu, na ni hodari. Mimi nimevipa safari ya siku kadhaa kwa basi viatu ambavyo angevishona kabla chai haijapoa. Nilijua unasoma soli, dada. Tangu Februari nimemwona binti yako akichechemea anapodhani hakuna anayemwangalia, akitoka bafuni, akishuka ngazi za jukwaa. Nilimuuliza mara moja tu, unaumwa? Akasema hapana. Nikamshukuru Mungu nikaondoka haraka kabla hajabadilisha jibu. Nilitaka mtu mwingine aseme, ili mimi nisiwe niliyesema.

Na hiyo ngozi laini usijibebeshe peke yako. Niliyeiomba ni nani?

Lakini mambo hayajaisha. Mwenyekiti amesikia habari ya kiatu, na leo mchana ameleta viatu vipya, saizi yake kamili, vyekundu. Mtoto amevivaa. Anasema havimbani popote. Zimebaki siku kumi na tatu. Nikimtoa, mimi sina kazi na yeye atanichukia. Nisipomtoa, mguu ninaujua. Kesho lazima nifanye moja kati ya hayo mawili, na nakuandikia nikiwa sijui lipi. Naona aibu kukuandikia hivyo.

Panzi

*

Kambini, tarehe 14 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Mpe mama pole mapema, maana najua ameshawaambia watu.

Kesho yake baada ya ile barua yangu nilimwita Chiriku kwenye ubao wa kurukia, sisi wawili tu. Nikamwambia asimame kwa mguu wa kushoto, ajiinue kwa vidole, kisha ashuke kwa kisigino, kwa nguvu. Akaniangalia. Akajiinua. Akashuka. Akatabasamu, dada, anatabasamu na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Akasema, umeona mjomba, hainiumi. Nikamwambia basi mwanangu, inatosha. Akataka kurudia.

Nilienda moja kwa moja ofisini nikaandika barua ya kuliondoa jina lake. Kalamu ilitoboa karatasi, nikaandika nyingine. Mwenyekiti aliisoma akaikunja vizuri, akaniambia wanashukuru kwa mchango wangu. Mkataba unaisha tarehe 31. Kiti chake hakijaonekana uwanjani tangu siku hiyo.

Picha imepigwa. Mfupa wa kisigino una ufa. Daktari ameuonesha kwa ncha ya kalamu, mwembamba kama unywele. Amesema mruko mmoja wa nguvu ungetosha kuufungua. Apumzike miezi minne, magongo wiki sita, kisha ataruka tena. Nilimwomba daktari arudie hilo neno la mwisho, akalirudia.

Chiriku hakuniambia neno siku kumi na mbili. Akinikuta mlangoni anageuka. Siku ya mchujo nilidhani hatakuja, akaja na magongo yake, akakaa jukwaani safu moja na mimi, viti vitatu mbali. Aliyeshinda ameruka kumi na tatu na sentimita nane. Wewe unajua hesabu hiyo na mimi naijua. Watu walipoanza kushangilia akasema, bila kuniangalia, "Ningemshinda."

"Ungemshinda," nikamwambia.

"Sasa kwa nini?"

Nikavua kiatu changu cha kushoto, nikavua na soksi, pale jukwaani, watu wanapita na karanga zao. Mguu huu hakuna aliyeuona ila madaktari. Mama hajauona. Wewe hujauona. Akasogea kiti kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu. Aliuangalia muda mrefu, jinsi kisigino kilivyoingia ndani, na vile vidole viwili ambavyo havifiki chini.

"Huu ndio wa medali?"

"Ndio huu."

"Nani alikuwa anajua?"

Nikamwambia wote tulikuwa tunajua, na mimi nilikuwa wa kwanza. Kisha akainama akaniokotea soksi.

Anakuja kwako Jumamosi na basi la asubuhi. Mpokee kituoni, begi lake ni zito. Mimi nitabaki kusawazisha mchanga mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo sijui.

Panzi

*

Nyumbani, tarehe 22 Julai

Panzi mdogo wangu,

Marahaba, marahaba tena.

Amefika. Ameshuka na magongo, begi limebebwa na kondakta, na kondakta anajua habari zake zote mpaka jina la daktari. Tangu hapo hajanyamaza. Anakaa kwenye kile kigoda changu cha wateja, mguu juu ya ndoo, na anaongea kuanzia ninapofungua mpaka ninapofunga. Mteja mmoja ameacha viatu akasema atarudi kukiwa kimya. Jana nilimwambia, mwanangu, ngoja kidogo nihesabu mishono. Akasema hesabu tu mama, mimi sikuzuii, akaendelea. Nikageukia ukutani nikajifanya natafuta gundi, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka akatize.

Mama nimemwambia yote, na habari ya ile ngozi pia. Jioni akalichukua kopo la biskuti akaenda nalo chumbani kwake. Leo asubuhi alikuja mtu wa mita. Amempa maji.

Kiatu cha kushoto cha Chiriku kipo kwenye rafu, sijakishona. Nimemwambia mguu ukipona atakishona mwenyewe, na kila jioni atakuwa anakilaza mezani mbele yangu. Amekubali, baada ya kubishana.

Na wewe njoo. Usiniambie hujui pa kwenda wakati uwanja wa shule bado upo na shimo lake la mchanga limeota majani. Watoto wanaruka juu ya simenti. Mwalimu mkuu ameshaniuliza mara mbili utarudi lini, mimi namwambia uliza mwenyewe.

Miaka ishirini na miwili unavaa viatu vya dukani kwa mguu usiotengenezewa kiatu dukani, na dada yako ni fundi. Chiriku amejaribu kunichorea unyayo wako kwenye boksi, lakini mchoro wa kusimuliwa haushonwi. Lete mguu wenyewe nikushonee cha kwake. Ngozi nimeshanunua. Ila safari hii usiniambie nikuwekee kitu laini, Panzi. Niambie panauma wapi.

Dada yako